Kuzimua Uji

Nilimkuta mpishi amefungwa kwenye mlingoti wa bendera kwa kamba ya katani, na bendera yenyewe haijapandishwa. Shati lake lilikuwa limechanika begani, sikio moja linavuja damu, na mkono wa kulia unaning'inia, kiganja kimegeukia upande ambao kiganja cha mtu hakigeukii. Shule nzima ilikuwa imemzunguka, yaani wale waliokuwa bado na nguvu za kusimama. Mikononi walishika zana za shamba la shule, majembe, mafyekeo na mipini mitupu. Dereva hajazima hata injini ya Landrover, mimi nikafungua mlango nikaruka chini.

Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa Bibi Afya wilayani Kilosa, mwanamke peke yangu katika chumba cha Mabwana Afya. Kazi yangu ilikuwa vyoo, visima, machinjio na ugomvi, na ugomvi ndio uliokula muda mwingi. Asubuhi ile tulikuwa tumeletewa habari kwamba wanafunzi wanaharisha damu katika shule moja ya bweni ya wavulana, ukishapita kijiji cha Ulaya kwenye njia ya kwenda Mikumi. Nilipakia dawa, vichupa vya kuchukulia choo na maji ya chumvi na sukari. Habari za mtu aliyefungwa mlingotini hatukuletewa.

"Mmemfunga kwa kosa gani?" niliuliza.

"Ametulisha sumu," alijibu kijana mmoja mrefu aliyesimama mbele ya wenzake, jembe begani. Huyu alikuwa kiranja mkuu, wa kidato cha nne. Macho yake yalikuwa mekundu. "Mdogo wangu amekufa alfajiri. Alikuwa kidato cha kwanza. Na bado wengine watakufa."

Mwalimu mkuu alikuwa kwenye baraza ya ofisi yake, mikono nyuma, anatazama kama mtu aliyekuja kuangalia mpira. Nilimwita kwa sauti.

"Ndugu Mwalimu Mkuu, unangoja nini?"

"Ni hasira za wanafunzi, Bibi Afya. Nikiziingilia zitanigeukia mimi."

Damu ilinichemka. Mimi sikuzaliwa mpole, na kazi ile haikunifundisha upole. Niliwapita wale wavulana, nikasimama mbele ya yule mzee aliyefungwa, nikamwamkia kama ambavyo ningemwamkia nyumbani kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," alijibu, midomo imevimba.

Wavulana wale, wa milimani na wa bondeni, wote walikuwa wamelelewa kutompita mtu mzima bila kumwamkia, na tangu alfajiri walikuwa wakimpiga mtu mwenye umri wa baba zao. Wengine waliinamisha macho. "Nyie mmemwamkia leo?" niliwauliza. Nikatoa mkasi kwenye sanduku la dawa, nikaanza kukata kamba.

Jiwe la kwanza lilinipiga kwenye bega. La pili liligonga mlingoti. Kisha kiranja mkuu akanidaka kifundo cha mkono, akanibana mpaka mkasi ukaanguka, na mimi kwa mkono uliobaki nikamzaba kibao ambacho kiganja changu kilikisikia hadi jioni. Alikuwa amenizidi urefu kwa kichwa kizima na angeweza kuniangusha pale pale. Badala yake alilegea, akaanza kulia mbele ya shule yote, mdomo wazi, kamasi zinamtoka, wala hakujifuta. Nilimuonea huruma, na bado nilikuwa tayari kumpiga tena.

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipoona kuna faida kuteremka kutoka barazani. Tukaafikiana kwa kelele. Gari lingewapeleka wagonjwa mahututi hospitali ya Kilosa na kurudi kesho yake, na mpishi angefungiwa kwenye ghala la mahindi mpaka gari hilo lije limchukue kwenda polisi. Wavulana waligoma kurudi darasani, lakini walimwachia. Kiranja mkuu aliniambia neno moja kabla hajaenda zake, taratibu, kwa adabu kabisa:

"Mama, gari likija, yule hatafika kwenye mlango wa gari."

Nilimwamini. Nilikuwa na muda huo tu, mpaka gari lirudi, kujua ni kitu gani kinawaua wale watoto. La sivyo wangemuua yule mzee mbele yangu, na mwalimu mkuu angetazama kutoka barazani.

Nilianzia bwenini. Harufu ilinipokea nikiwa bado nje. Waliolala chini walikuwa wengi kuliko waliolala vitandani, maana kushuka kitandani kwenda chooni kulikuwa kumewashinda. Walikuwa wanajisokota wameshika matumbo, wengine wanawaita mama zao kwa lugha za kwao, na kilichowatoka kilikuwa ute na damu. Wote walikuwa wadogo, kidato cha kwanza na cha pili. Nilipomgeuza mmoja nimsafishe, nikaona mgongo wake. Ulikuwa na mistari ya fimbo, mingine imepasuka. Nikamgeuza wa pili, naye hivyo hivyo.

"Nani amewapiga watu wanaoumwa?"

"Mwalimu wa zamu," alisema mmoja kwa sauti ya kukauka. "Alisema tunategea shamba."

Mwalimu wa zamu nilimkuta nje anakagua usafi, kijana nadhifu, kaptula imepigwa pasi, fimbo ya henzirani kwapani. Aliniambia bila haya kwamba siku za mwanzo walidhani ni uvivu, kwa sababu palizi ilikuwa imepamba moto na wanafunzi wa sasa ni wajanja. Nikamwambia nenda kawaangalie wajanja wako wanavyooga damu. Alikwenda mpaka mlangoni, akarudi ameziba pua.

Nikaingia jikoni. Hapo nilitegemea kumaliza kazi upesi, maana jiko la shule huwa halikosi kasoro, lakini lile lilikuwa limefagiliwa. Masufuria yalikuwa yamesuguliwa kwa mchanga mpaka yanang'aa. Mahindi hayakuwa na ukungu, maharage yalikuwa makavu. Maji ya kunywa yalichemshwa kwa amri ya mwalimu mkuu, ambaye alinionyesha mwenyewe tangi lenye bomba na mfuniko, kifua mbele. Nyuma ya jiko kulikuwa na pipa la maji ya mtoni. Nikauliza la nini. "La kuoshea vyombo tu," alisema. "Hayo hayanywi mtu." Nikachungulia, nikaona maji ya rangi ya udongo na vipande vya ukoko vikielea, nikapita.

Lililonitatiza ni hili. Viranja walikula ugali ule ule na uji ule ule, na hakuna hata mmoja aliyeumwa. Walimu waliletewa uji kutoka sufuria lile lile, nao walikuwa wazima. Kama ubaya ulikuwa kwenye chakula, ulijuaje kumruka kiranja na kumwingia mtoto wa kidato cha kwanza?

"Ndiyo maana tunasema sumu," alisema mwalimu mkuu, kama aliyekuwa akiningoja nifike hapo. "Aliwatilia wadogo kwenye vyombo vyao. Wiki iliyopita aligombana nao kwa ajili ya ukoko. Waliingia jikoni kuukwangua, akawachapa kwa mwiko. Shule nzima iliona."

Kila nililolipata lilizidi kumkaza yule mzee kamba. Mchana ule nilitamani nisingekuwa nimeuliza.

Ghalani nilimkuta ameegemea magunia. Nilimnyoosha mkono, akauma kitambaa asipige kelele, na nikaufunga kwa vipande vya ubao wa kasha la sabuni. Mifupa ya kiganja ilikuwa imesagika. Walikuwa wamekiweka juu ya gogo la kukatia kuni wakakipiga kwa mpini wa jembe, kile kiganja cha kupikia, makusudi. Aliomba maji ya kutawadha. Alipomaliza kuswali ameketi, nilimuuliza habari za ukoko.

"Niliwachapa," alisema. "Mtoto akinipora ukoko mbele ya macho yangu nitamchapa, hata angekuwa wa kwangu. Lakini kumuua mtoto wa watu, Bibi Afya? Kwa ukoko?"

Kisha akaniuliza kama yule aliyekufa ameshazikwa. Nilimwambia lori la shule limempeleka kwao Ruhembe kupitia Mikumi, ambako baba yake alikuwa mkata miwa. "Alikuwa mzito wa kula," alisema mzee. "Kila siku wa mwisho." Akageuza uso ukutani.

Sikuwa na akili nyingine iliyobaki, isipokuwa kuishi siku ya shule tangu inapoanza, kama mwanafunzi. Kesho yake kulipopambazuka nilikuwa uwanjani. Mtoto alikuwa amekufa, wenzake wanakufa, lakini mchakamchaka ulikimbiwa kama kawaida, tena kwa nyimbo. Uji ulipikwa na wanafunzi wenyewe. Nilichukua kikombe cha bati nikapanga foleni mwishoni kabisa, nyuma ya wale wadogo, na hakuna aliyethubutu kunicheka.

Foleni ilisogea polepole. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama karibu na mti ulioning'inizwa kipande cha reli, ambacho ndicho kilikuwa kengele ya shule, chuma mkono mmoja na henzirani mkono wa pili. Sheria niliifahamu kwa kuwatazama watoto wanavyomtazama yeye. Kengele ikigongwa, kikombe kiwe kitupu na mtu awe gwarideni. Atakayekutwa na uji kikombeni anachapwa, na atakayeumwaga anachapwa zaidi, kwa kuwa amemwaga jasho la wakulima.

Nilipofikiwa, uji ule ulikuwa unatokota. Niliugusa kwa midomo, ukaniunguza ulimi. Hapo nikasikia kiranja mkuu, yule yule, anawasukuma wadogo kwa mikono yote miwili kama anaswaga mbuzi.

"Zimueni! Zimueni haraka, atagonga sasa hivi!"

Watoto wakakimbilia nyuma ya jiko, na mimi nyuma yao. Walilizunguka lile pipa la kuoshea vyombo. Kila mmoja alichovya kikombe chake, mkono mpaka kwenye kifundo, akajaza maji ya mtoni juu ya uji, akakoroga kwa kidole, akanywa kwa mkupuo mmoja. Mikono ile ilikuwa imetoka bwenini na chooni, na chooni hakukuwa na tone la maji wala sabuni. Waliofika mwisho walichota chini kabisa, penye matope. Nilisimama na kikombe changu kinachofuka moshi.

Kengele ikalia. Mtoto mmoja mbele yangu alikuwa hajamaliza. Mwalimu wa zamu alimfikia kwa hatua chache, henzirani ikapanda ikashuka miguuni mwake, ikapanda tena. Mara ya tatu niliidaka. Ilinichana kiganja. Nilimvuta nayo mpaka akayumba, nikampokonya, nikaitupa kwenye moto wa jikoni.

"Umechanganyikiwa, mama?"

"Bado. Niitie mwalimu mkuu."

Alikuja amekunja uso, na shule nzima ikakusanyika nyuma yake. Nilimkabidhi kikombe changu. Nikaokota chuma cha kengele.

"Kunywa, Ndugu Mwalimu Mkuu. Umalize kabla sijagonga."

"Mchezo gani huu?"

"Kunywa. Ndio uji wa wanafunzi wako."

Alikuwa na kiburi, na kiburi kilinisaidia. Alikunywa funda moja, akalitema kwenye viatu vyake. "Huu ni wa moto!" alisema. Nikagonga reli kwa nguvu zangu zote.

Kisha nikasema. Nilisema kwa sauti ili hata waliolala bwenini wasikie. Nilisema hakuna sumu. Nilisema ni maji ya lile pipa, yenye kinyesi cha wagonjwa ndani yake, na kwamba wadogo wanayanywa kila asubuhi kwa kuwa wanaogopa kuchapwa. Walimu hunywa uji barazani kwao taratibu. Viranja hawafukuzwi na kengele. Wakubwa hupakuliwa kwanza, uji wao ukapata muda wa kupoa. Kwa hiyo hao wote hawazimui, na hawaumwi. Nilisema, na nilimtazama mwalimu wa zamu nilipokuwa nasema, kwamba fimbo ile ndiyo iliyowanywesha.

Kiranja mkuu alikuwa amesogea karibu nami. Hakuwa ameshika kitu.

"Hata mtu akizimua kidogo tu?"

"Hata kidogo."

"Mdogo wangu nilikuwa namzimulia mimi," alisema. Hakuwa akizungumza nami peke yangu, alikuwa akiwaambia wote. "Alikuwa mzito wa kunywa. Alipokuja alichapwa wiki nzima. Nikawa nachukua kikombe chake, naenda kumchotea mwenyewe. Nilimchotea mengi, ili upoe vizuri."

Aliokota shoka la kuni mlangoni mwa jiko. Watu walitawanyika, mwalimu wa zamu akatoka mbio mguu niponye, lakini kijana hakumfuata. Alilifuata pipa. Alilipiga shoka ubavuni, bati likapasuka, akapiga tena na tena, anapiga kelele zisizo na maneno, maji yanamrukia usoni na mdomoni. Alilipiga hata lilipokuwa limelala na halina tone. Wenzake nao wakapandwa na wazimu. Wengine walivunja madirisha ya ofisi, wengine walimfukuza mwalimu wa zamu mpaka kwenye mahindi wakamwangusha, nikasikia anavyolia kwa sauti nyembamba. Niliwapigia kelele waache. Sauti yangu, iliyokuwa imesikika vizuri sana muda mfupi kabla, hakuna aliyeisikia.

Mgambo wa kijiji ndio waliozima fujo, kwa virungu. Walipiga aliyekuwa anapigana na aliyekuwa ameketi. Gari letu liliporudi kutoka Kilosa lilikuta wavulana wamelazwa kifudifudi uwanjani kwa safu, vichwa vinatoka damu, na mwalimu wa zamu amekalishwa kwenye kiti, pua imevunjika.

Mpishi alitoka ghalani akitembea mwenyewe. Hakuna aliyemgusa. Alipita katikati ya safu zile akauliza kwa sauti ya chini ni nani atakayewapikia mchana. Nilimsaidia kupanda gari, safari hii la kwenda hospitali.

Nilirudi kwa mwalimu mkuu. Nilimwambia yanayotakiwa ni mambo madogo. Uji upikwe mapema upoe, kengele icheleweshwe, chooni pawekwe maji na sabuni. Alinisikiliza kwa makini, akanishukuru kwa niaba ya shule.

"Kengele haicheleweshwi, Bibi Afya. Ratiba ni ratiba. Wewe ulikuja kwa ajili ya matumbo, na matumbo umeyaweza."

Akasimama mbele ya wavulana waliolala chini. Alianza na kiranja mkuu, ambaye alikuwa ameharibu mali ya umma. Wanaume wawili walimshika mikono na miguu, na mgambo akamchapa mbele ya wote kwa sababu ya pipa. Kijana hakulia. Nadhani alikuwa akiona ni kidogo. Nilisogea nimzuie mgambo, mwingine akaniwekea kirungu kifuani akanirudisha nyuma mpaka mgongo ukagonga gari. Ndipo mwalimu mkuu akatangaza amri mpya, kwa sauti safi ya gwarideni:

"Kuanzia leo, ni marufuku kuzimua uji. Atakayekutwa anazimua, viboko mbele ya shule. Mmesikia?"

"Ndiyo, mwalimu," walijibu, midomo iko mavumbini.

Kuhara kulikwisha. Ofisini Kilosa nilisifiwa, na habari za kazi yangu zilisomwa kwenye mkutano. Mpishi alipona maisha, mkono haukupona. Nilikuwa nikimwona siku za gulio pale Ulaya, anauza ndizi kwa mkono wa kushoto, na kila mara baada ya kuniitikia marahaba aliniuliza kama wale watoto wanakula vizuri.

Masika yalipoingia niliitwa wodini kutazama mgonjwa mwingine. Alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, sare ya shule ile ile, amekaa kitandani ameelekeza uso juu ili mate yasimguse midomo. Wauguzi walikuwa wameandikiwa na shule kwamba aliteleza jikoni. Nilimwomba afungue kinywa. Ulimi, fizi na koo, kote ngozi ilikuwa imetoka, nyama imebaki nyeupe.

Nilimuuliza kama ilikuwa kengele. Hakuweza kusema. Alitazama kwanza mlangoni kuona nani amesimama pale, kisha akainamisha kichwa kukubali.